Kapu, sanduku, bahasha au Paybill? Njia za kutoa sadaka zikipimwa kwa Mathayo 6

Kanisa la kawaida la Kenya au Tanzania siku hizi lina njia nne au tano za kutolea sadaka kwa wakati mmoja. Kapu linapita kwenye viti, bahasha zenye namba zinagawiwa mwanzo wa mwaka, Paybill au lipa namba (namba ya kanisa ya kupokelea fedha kwa simu) imebandikwa ukutani, na ukifika ujenzi au mavuno kunakuwa na harambee na mnada. Kamati zinapoamua ipi itiliwe mkazo, swali huwa moja tu: ipi inaleta nyingi? Hapa tumezipima kwa Mathayo 6:1-4, pale Yesu anapokataza kupiga panda (tarumbeta) utoapo sadaka na kutaka hata mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume.

Vipimo vyetu ni vitatu. Cha kwanza ni siri ya mtoaji: nani anajua umetoa kiasi gani? Cha pili ni uhuru, kwa sababu 2 Wakorintho 9:7 inasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Cha tatu ni usalama wa fedha zenyewe, na hiki hakitoki nje ya Biblia. Katika 2 Wakorintho 8 Paulo hakubeba peke yake mchango wa maskini wa Yerusalemu. Alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kuwalaumu juu ya fedha nyingi kiasi kile. Kwa hiyo siri ni haki ya anayetoa, na anayepokea anadaiwa uwazi. Makanisa mengi yamezigeuza hizi mbili: majina ya watoaji yanasomwa kwa kipaza sauti, na daftari la matumizi limefungiwa kabatini.

Kapu linalopita

Ni njia rahisi, haihitaji kusoma wala kuandika, na mwenye shilingi 200 anatoa sawasawa na mwenye noti. Kasoro yake ni jirani. Beseni la plastiki au bakuli la bati huzitangaza sarafu kwa mlio, na noti huzitangaza kwa rangi; Tanzania msimbazi, yaani noti ya elfu kumi, unajulikana wekundu wake hata ukiwa umekunjwa mara mbili. Mfuko wa kitambaa wenye mdomo mwembamba na mpini unamaliza karibu shida yote hiyo: mkono unaingia umefumbwa, unatoka umefunguliwa, hakuna aliyeona wala kusikia. Kina chake kifike kiwiko cha mkono hivi, na ndani kusiwe na kitako kigumu cha kugongana na sarafu.

Kwenye usalama kapu ni dhaifu sana. Fedha hazina kumbukumbu yoyote mpaka zifike mezani, kwa hiyo hatari yote iko kati ya kiti cha mwisho na meza ya hesabu. Wahudumu wawili watembee pamoja mpaka kwenye meza. Asiachwe mmoja azunguke nyuma ya jengo na mfuko, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, maana siku hesabu ikipungua hatakuwa na shahidi wa kumtetea. Kuchukua chenji ndani ya kapu nako kukomeshwe. Kama watu wanahitaji kuvunja noti, iwekwe meza mlangoni kabla ya ibada.

Sanduku lenye tundu

Hili ndilo kongwe kuliko yote na ndilo tunalolipenda zaidi. Katika 2 Wafalme 12 kuhani Yehoyada alitoboa tundu kwenye kifuniko cha kasha na kuliweka karibu na madhabahu. Fedha zilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja, wakazifunga mifukoni, kisha zikakabidhiwa wasimamizi wa maseremala, wajenzi na waashi waliokuwa wakiikarabati nyumba. Watu wawili kutoka ofisi mbili tofauti, hesabu kwanza, ndipo matumizi: utaratibu huo hauna cha kuongezwa hata leo. Baadaye, katika Hekalu la siku za Yesu, Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inataja masanduku 13 yaliyochongwa kama panda, kila moja na kazi yake. Inataja pia chumba ambamo wacha Mungu waliacha kitu kwa siri, na maskini waliotoka familia za heshima wakachukua humo kwa siri. Kwa hiyo siri ilikuwa ya pande mbili, ya mtoaji na ya mpokeaji, na jambo hilo la pili makanisa yetu hulisahau yanapompiga picha mjane akishika mfuko wa unga.

Ukitengenezesha sanduku kwa fundi, tundu liwe na urefu wa sentimita 10 hivi na upana usiozidi sentimita 1, ili noti iliyokunjwa ipite na vidole visipite. Chini ya tundu fundi aweke kibati kilichoinama, kinachoacha fedha iteleze ndani na kuzuia waya wenye gundi usiitoe tena. Sanduku lisilo na kibati hicho huvuliwa kama samaki. Makufuli yawe mawili, funguo zikae kwa watu wawili wasio ndugu, na sanduku lifungwe kwa bolti sakafuni au ukutani. Lifunguliwe kila baada ya ibada. Fedha zisilale humo.

Mahali pa kuliweka ndipo wengi wanapokosea. Likikaa mbele katikati, watu watalipitia kwa msafara na siri itakuwa imekwisha. Liwekwe ubavuni, karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kupita kabla ya ibada au baadaye bila kupangiwa foleni. Kamati hulalamika kwamba sanduku halileti nyingi kama kapu, na mara nyingi ni kweli, kwa sababu kinachopungua ni ile sadaka iliyotolewa kwa kuona aibu. Kama mnaweza kuvumilia pengo hilo, hakuna njia safi kuliko hii.

Bahasha yenye namba

Hapa ndipo penye maneno mengi, kwa sababu bahasha ni nzuri mpaka inapoingia mikononi mwa wabaya. Kwa kawaida ina sehemu tano: namba au jina, tarehe, fungu (zaka, ahadi, ujenzi, shukrani), kiasi, na mara nyingine saini. Bahasha za Waadventista hutenga mistari ya zaka na ya sadaka mbalimbali kwenye karatasi moja, na mtoaji hupata risiti. Walutheri hugawa bahasha za ahadi zenye namba ya msharika. Faida yake iko wazi: haionekani rangi, hausikiki mlio, na kila shilingi ina maelezo ya mtoaji mwenyewe juu ya inakokwenda. Mwisho wa mwaka msharika anaweza kulinganisha risiti zake na daftari, na mhasibu mwizi hapendi washarika wa namna hiyo.

Namba iwe namba kweli. Bahasha inayodai namba na jina pamoja haina siri. Kila mhesabu mezani anasoma kwamba mama fulani ametoa elfu mbili na mwenye duka elfu hamsini, na Jumatatu habari iko sokoni. Rejista inayounganisha namba na majina ikae kwa mtu mmoja ambaye hahesabu, na wahesabu waone namba tu. Jambo dogo, gharama yake ni daftari moja, na ni makanisa machache yanayolifanya.

Mezani wakae watu wasiopungua watatu, wasio wa familia moja, wabadilishwe kwa zamu. Bahasha ifunguliwe moja moja, si kumwagwa lundo. Mmoja anafungua na kutaja namba na kiasi, wa pili anahakiki fedha, wa tatu anaandika. Bahasha zilizofunguliwa zisitupwe siku hiyo. Zifungwe kwa mpira pamoja na fomu ya hesabu mpaka mkaguzi apite. Fomu iwe na nakala tatu: ya mhasibu, ya mwenyekiti wa kamati, na moja ya kwenda pamoja na fedha benki. Fedha ziende benki jinsi zilivyo, bila kutoa kwanza nauli ya mhubiri mgeni au chai ya wahesabu. Malipo hayo yatoke kwenye fungu lake kwa hati ya malipo. Ikishaanza tabia ya kulipana kutoka kwenye lundo la mezani, jumla ya fomu na jumla ya slipu ya benki hazitakutana tena.

Kuna bahasha ambayo nje imeandikwa 10,000 na ndani mna 1,000. Mhesabu aandike kilichomo, aweke alama, wenzake watie saini, basi. Kosa la Anania na Safira katika Matendo 5 halikuwa kubakiza sehemu ya fedha. Petro anamwambia Anania wazi kwamba kiwanja kilikuwa chake na hata baada ya kukiuza fedha zilikuwa mkononi mwake. Kosa lilikuwa kuleta sehemu na kuiita yote. Bahasha tupu isiyoandikwa kitu ni jambo jingine kabisa. Mara nyingi ni mtu ambaye wiki hiyo hana, lakini hakutaka kubaki amekaa wakati safu nzima imeinuka. Asifuatwe wala asitaniwe. Bahasha inayomsitiri asiye nacho imefanya kazi nzuri kuliko nyingi zenye noti.

Ubaya mkubwa wa bahasha huja baadaye, familia inapoleta mtoto kubatizwa, kijana anapotaka ndoa, au marehemu anapongoja ibada ya mazishi, na mzee wa kanisa anafungua daftari kutazama kama bahasha zimerudi. Hapo sadaka imegeuka ada, na "si kwa lazima" ya Paulo imefutwa. Tunaelewa hoja ya wazee kwamba wengine hujitokeza kanisani wakiwa na shida tu. Lakini kumbukumbu iliyotunzwa kwa ajili ya uaminifu wa fedha haifai kugeuzwa kipimo cha nani azikwe na mchungaji. Kanisa lenye tabia hiyo lirudi kwenye sanduku.

Paybill na lipa namba

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania 2008, na leo ukuta wa kanisa usio na namba ya kulipia ni wa kutafuta. Kenya mtoaji anaingia Lipa na M-Pesa, anachagua Pay Bill, anaweka namba ya kanisa, kisha kwenye akaunti anaandika ZAKA, UJENZI au neno jingine lililopangwa, kiasi, na PIN. Till ya Buy Goods, namba ya kulipia kama ya madukani, haina nafasi ya akaunti, kwa hiyo kanisa lililochukua Till hupokea donge moja la fedha lisilojulikana la ujenzi ni lipi na la wajane ni lipi. Kabla ya kufungua, kamati iamue pia nani atabeba makato: anayelipa, kanisa, au yagawanywe. Msipolitangaza hilo, mtu anayetuma zaka kamili atashangaa kukatwa zaidi.

Yanayoharibika ni yale yale kila mahali. Nafasi ya akaunti inaandikwa jina la mtu badala ya fungu, au ZAKA inaandikwa ZKA, na mhasibu analazimika kukisia. Dawa yake ni maneno mafupi yasiyozidi matano, yaliyobandikwa kwa herufi kubwa karibu na namba. Mtoaji atazame jina la mpokeaji kila linapoonyeshwa kabla ya kuthibitisha. Namba ya kanisa husajiliwa kwa jina la kanisa. Ujumbe unaosema "sadaka ya dharura itumwe kwenye namba hii ya mchungaji" ukija na jina la mtu binafsi, usitume hata kama picha ya wasifu ni ya mchungaji mwenyewe. Upande wa kanisa, ruhusa ya kutoa fedha kwenye akaunti isiwe ya mtu mmoja mwenye PIN kichwani mwake. Taarifa ya miamala ichapishwe kila mwezi na kulinganishwa na daftari na mtu ambaye si mweka hazina.

Kwa siri, simu ni kama bahasha nzuri: jirani haoni, wahesabu hawaoni, ila mweka hazina na kampuni ya simu wanajua. Inafaa hasa kwa aliyekusudia tangu nyumbani, kwa sababu anaweza kutoa Jumamosi usiku bila kwaya wala mhubiri wa kumsukuma. Wazee wasio na simu zenye salio wasisahauliwe. Namba isiwe njia pekee.

Kinachoua siri ya simu ni kundi la WhatsApp. Mtu anaanzisha orodha: 1. fulani 20,000, 2. fulani 10,000, kila anayetoa ananakili na kuongeza jina lake, na wa kumi na nne anajua wazi kwamba 3,000 yake itasomwa chini ya 20,000. Wengine hubandika picha ya ujumbe wa muamala kama ushahidi, wakisahau kwamba ujumbe huo huonyesha na salio lililobaki. Mweka hazina anaweza kutoa jumla tu kila jioni, "mpaka sasa zimefika 340,000, bado 160,000", na mchango ukaenda vizuri. Anayetaka uhakika kwamba yake imefika amwandikie faragha. Zile kadi za "Nimetoa kwa simu" zinazotumbukizwa kapuni ili mtu asionekane hajatoa hatuoni kazi yake. Ni panda ya karatasi.

Harambee, mnada na ile foleni ya viwango

Mnada wa mavuno tunaupenda, tuseme ukweli. Mkulima asiye na fedha taslimu analeta mkungu wa ndizi, kuku au trei ya mayai, na mayai ya mjane yanauzwa pamoja na mbuzi wa tajiri bila kutajwa nani alileta nini. Upande wa mtoaji wa mazao siri ipo. Shida iko upande wa mnunuzi, pale dalali anapotaja vyeo, "mheshimiwa hajasikika!", na kuku anafika bei ya ndama. Dalali mzuri anataja bei peke yake, ananyoosha mkono kwa aliyenunua, anaendelea. Fedha zipokelewe pale pale mezani na kuandikwa risiti, maana kuku aliyechukuliwa kwa mkopo huliwa kabla hajalipiwa.

Harambee yenye mgeni rasmi ni kitu kingine. Paulo aliwaagiza Wakorintho watenge kidogo kidogo kila siku ya kwanza ya juma, "ili kwamba michango isifanyike hapo nitakapokuja" (1 Wakorintho 16:2). Mgeni rasmi wa kwanza kabisa wa mchango wa kanisa alitaka kukuta shughuli imeisha! Sisi hatuwezi kuanza kabla hajafika. Kenya jambo hili limefika mahali viongozi wa makanisa wakasema basi. Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa mimbari siku ya kuwekwa kazini Askofu Rose Okeno. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, likaelekeza zirudishwe fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika kanisa la Soweto, Kayole: shilingi 600,000 za kwaya na watoto, na milioni 2 za nyumba ya mapadre. Milioni 3 za ahadi na basi navyo vikakataliwa. Si rahisi kurudisha fedha za nyumba ambayo kweli inahitajika, na tunadhani uamuzi ule ulifundisha parokia nyingi kuliko semina.

Ahadi za papo hapo nazo zina ugonjwa wao: mtu anasimama, anataja milioni kwa sababu aliyemtangulia ametaja laki nane, na mwaka unaisha. Mhubiri 5:5 inasema afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Kadi ya ahadi ijazwe nyumbani na kurudishwa imekunjwa Jumapili inayofuata. Jumla itashuka, ila itakayoandikwa ndiyo itakayolipwa, na kamati ya ujenzi inaweza kuagiza nondo na saruji kwa hesabu hiyo bila kukwama kwenye lenta.

Kuhusu kuita mbele wenye laki moja, kisha wenye elfu hamsini, halafu "waliobaki wote", hatuna maelekezo ya kuiboresha. Iachwe kabisa.

Nini kibandikwe ukutani

Njia yoyote mtakayochagua, ubao wa matangazo ndio unaoonyesha kama kanisa linaamini linachohubiri. Kila mwezi kibandikwe kipande kimoja cha karatasi: mapato kwa kila fungu, matumizi kwa kila fungu, salio la benki, salio la simu, na saini tatu. Majina yasiwepo kabisa, wala orodha ya jumuiya zilizoongoza na zilizoshika mkia. Muumini akiomba kuona daftari la matumizi, aonyeshwe siku hiyo hiyo. Akiomba kuona daftari la bahasha, aonyeshwe ukurasa wake peke yake.